Kiti cha K, Upande wa Kivuli

Safari iliyotangulia nilichagua dirisha nikapata ukuta. Kwenye mchoro wa viti dirisha lilikuwepo. Ndani ya ndege nilikuta plastiki tupu, kwa sababu ubavuni pale ndipo mabomba ya hewa yalipopita. Saa tisa nzima natazama plastiki! Kwa hiyo safari hii, ya London hadi Los Angeles katikati ya Septemba, sikubahatisha.

Nilitafuta tufe la dunia na kipande cha uzi. Ramani bapa hukudanganya kwamba ndege itakata Atlantiki moja kwa moja. Ukiuvuta uzi juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili upate njia fupi, unapanda hadi kusini mwa Greenland, unapita Ghuba ya Hudson, ndipo unateremkia Marekani. Maana yake jua, ambalo mchana huko hukaa kusini, lingekuwa kushoto kwetu karibu njia nzima. Wengi hulifuata huko huko. Mimi nililipa kisogo, kwani jua likilipiga dirisha, kila mkwaruzo wa kioo huwaka na nchi yote hupotea. Nikashika K, dirisha la kulia. Safu za mbele ya bawa zilikuwa zimekwisha, nikaenda mkiani kabisa. Nyuma tu ya injini hapafai, joto lake huitetemesha picha kama lami wakati wa jua kali.

Tulipaa saa sita mchana, na saa sita hiyo ikagoma kwisha. Kwenye latitudo ya 60 dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 835 hivi kwa saa, nusu ya kasi ya ikweta, na ndege hukimbia karibu sawa na hapo. Tulikuwa tunafukuzana na jua, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Juu ya mawingu nilianza kulipwa. Upande wa pili wa jua, pete ndogo ya rangi za upinde wa mvua ilituandama, ikiteleza juu ya mawingu kwa mwendo wetu. Walioketi kushoto hawakuipata.

Baada ya chakula wahudumu wakaomba vipazia vishushwe, watu walale. Nikashusha changu hadi ikabaki nafasi ya vidole vinne, nikabandika paji la uso hapo. Mawingu yakakatika ghafla. Kwanza bahari nyeusi yenye chembe nyeupe, kama mtu kamwaga chumvi mezani. Kumbe kila chembe ni mlima wa barafu, na sehemu yake kubwa imezama. Kisha vilele vikali vya pwani ya mashariki ya Greenland, na katikati yao mito ya barafu ikishuka na mistari myeusi ya kifusi mgongoni. Halafu weupe mtupu. Barafu hiyo imefunika kama asilimia 80 ya kisiwa, na kwingine unene wake hufika kilomita tatu.

"Mwanangu, unaona nini huko?" akauliza mzee wa kiti cha J.

Nikaegemea nyuma apate nafasi. Alitazama kimya muda mrefu, filamu yake ikijichezea peke yake.

"Na hapo hapakai mtu?"

"Pwani tu, Mzee. Katikati ni barafu."

Hakuirudia filamu.

Kanada ilijifunika mawingu, sina la kusema. Utah, jimbo la magharibi mwa Marekani, ndiyo iliyotuamsha tena: ziwa la chumvi la Great Salt Lake limekatwa kwa tuta la reli lililokamilika 1959, upande wa kusini kijani-buluu, wa kaskazini waridi, kwa vijidudu vipendavyo chumvi nyingi. Tulipita mashariki yake, likaangukia upande wetu. Mzee ndiye aliyeliona kwanza, akanigonga bega.

Kurudi ilikuwa usiku, na kaskazini imehamia kushoto, nikachukua A. Nilijifunika blanketi kichwani kuzuia taa za ndani, jirani akidhani nalia. Kwa muda mrefu palikuwa na utando tu wa kijivu juu ya upeo, nikauhesabu kuwa wingu. Mara ukajikunja, ukashuka kama pazia lililoguswa na upepo, ncha yake ya chini ikawa kijani: aurora, mianga ya kaskazini.