Jiko la kuchomea: kuhama nalo au kuliacha?

Nimehama nchi mara mbili, na mara zote mbili ubishi mkubwa nyumbani haukuwa juu ya vitanda wala makochi. Ulikuwa juu ya jiko la kuchomea nyama. Mara ya kwanza nilisema tunaondoka nalo, nikakosea. Mara ya pili nilikaa miezi miwili bila kutoa jibu, mume wangu akiniuliza kila Jumapili, nami nikitoka nje kulitazama tena.

Wengi wanaojiandaa kuhama huniuliza kama inafaa kubeba jiko la zamani. Mimi huwajibu kwa swali: linawaka kwa nini? Kama ni la gesi, nasema liache. Kama ni la mkaa, basi tukae tuzungumze.

Lile la kwanza lilikuwa la gesi. Lilikuwa na vichomeo vinne, kabati chini, magurudumu mawili, na nililitunza kama kabati la vyombo. Niliamini gesi ni gesi popote uendapo. Mtungi tuliuacha, maana hilo nililijua: kampuni za kuhamisha mizigo hazipokei mtungi wa gesi, hata ule uliokwisha. Ukishatumika hubaki na gesi kidogo ndani, na kwa kanuni za usafirishaji wa baharini unahesabiwa mzigo wa hatari mpaka usafishwe kabisa. Mimi nikajisemea, mtungi utapatikana tu, kubwa jiko lifike.

Likafika. Nikanunua mtungi, regyuleta yetu, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi kinachokaa kwenye mtungi, ikakataa kukaa. Nikanunua regyuleta ya kule, ikakaa vizuri, mpira ukaingia, nikawasha. Moto ulipanda mrefu, wa manjano, ukalamba kifuniko, na ndani ya dakika mbili masizi meusi yakawa yananing'inia kama nyuzi za buibui. Nikafunga gesi, mikono inatetemeka. Watoto walikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Kesho yake alikuja fundi wa gesi. Hakufungua hata nati moja. Alipiga magoti, akapapasa nyuma ya jiko, akafuta mafuta kwa kidole gumba mpaka kikaonekana kibati kidogo cha chuma ambacho miaka yote ile sikuwahi kukisoma. Kiliandikwa I3B/P(30). B na P ni butani na propani, gesi mbili za mtungini. Ile 30 kwenye mabano ni shinikizo la gesi ambalo jiko limetengenezewa, yaani milibari 30. Regyuleta niliyonunua ilikuwa ya milibari 50, kwa sababu ndiyo inayotumika huko tulikohamia, kama ilivyo Ujerumani, Austria na Uswisi. Uingereza propani hutumika kwa milibari 37. Marekani wanapima kwa inchi za maji, na propani kwao ni inchi 11, sawa na milibari 27 hivi. Fundi akaniambia jiko langu ni zima kabisa, ila si la nchi ile.

Niliuliza kama linaweza kubadilishwa. Ndani ya kila kichomeo kuna kijitundu cha shaba kinachopitisha gesi, na upana wake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mtengenezaji hukitoboa kulingana na shinikizo na aina ya gesi. Gesi asilia, ile ya bomba linaloingia nyumbani, huhitaji tundu kubwa zaidi kwa sababu huja kwa shinikizo dogo na ujazo ule ule hutoa joto dogo kuliko propani. Jiko la gesi asilia ukiliunganisha na mtungi wa propani, matundu yale mapana yatamwaga moto usioweza kuutawala. Kubadilisha vijitundu kunawezekana pale ambapo mtengenezaji mwenyewe anauza vifaa vyake, na fundi mwenye leseni ndiye anayevifunga. Wa jiko langu hakuwa anauza. Liliishia kwenye chuma chakavu, baada ya kulipiwa safari nzima ya bahari.

Kwa hiyo nenda leo nyuma ya jiko lako, tafuta kile kibati, kipige picha. Ukikuta namba inayofanana na ya unakokwenda, na kiunganishi cha mtungi kinafanana, hapo unayo sababu ya kufikiria. Angalia pia baridi ya huko. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Jiko lililozoea mtungi wa butani halitakusaidia kitu kwenye ua wenye barafu.

La umeme sina mengi ya kusema. La volti 120 ukilichomeka kwenye volti 240 litavuta nguvu mara nne na kuungua. La volti 240 kwenye 120 litatoa robo ya joto lake, hata maji hayatapata mvuke wa maana. Liache.

Sasa jiko la mkaa. Hili ndilo lililoninyima usingizi mara ya pili.

Baba yangu alilitengeneza mwenyewe, kutoka pipa la lita 200. Alilikata kwa urefu, akachomelea miguu minne ya bomba, akatoboa matundu ya hewa kwenye ncha mbili, na wavu akautengeneza kwa nondo za milimita 10, vipande viwili vinavyokaa ubavu kwa ubavu. Kila kipande kina nondo ishirini na mbili. Kwenye kipande cha kushoto, nondo ya tano imepinda kidogo kwenda chini, kwa sababu baba aliichomelea jioni akiwa amechoka na kuamua kwamba haitamsumbua mtu. Haijamsumbua mtu. Ila mkono wangu unaifahamu hata gizani, maana pale ndipo panaposhika joto kuliko pengine pote, na kwa miaka kumi na nne nimekuwa nikiweka vitu vya kuiva haraka hapo. Baba alifariki miaka miwili kabla hatujahama.

Jiko la mkaa halijali volti, shinikizo wala umbo la mtungi. Mkaa ni mkaa. Lakini linajali mambo mengine, na niliyajua moja baada ya jingine kwa kuuliza.

Nafasi kwanza. Mizigo ya meli isiyojaza kontena zima hutozwa kwa ujazo. Jiko kubwa lenye kabati, tuseme sentimita 140 kwa 60 kwa 120, linakula mita moja ya ujazo peke yake, na kontena la futi 20 lote lina kama mita 33. La baba lilikuwa dogo kuliko hapo, lakini miguu ilikuwa imechomelewa, haifunguki. Kuikata niliona ni kuliua. Ukiwa na jiko la boliti hali ni nyingine: lifungue lote, boliti zitie kwenye mfuko uliobandikwa ndani ya kifuniko, piga picha kila hatua. Boliti zilizoshikwa na kutu zinyunyizie mafuta jioni, uzifungue asubuhi. Usilazimishe.

Kisha usafi, na hapa sitaki mtu afanye mchezo. Australia na New Zealand wakaguzi wao hutazama kwa makini vitu vilivyotumika nje ya nyumba: udongo kwenye magurudumu, mbegu, majani, wadudu, mabaki ya chakula. Kikikutwa kichafu husafishwa kwa gharama yako, au kinarudishwa, au kinateketezwa. Hata pale ambapo hakuna mkaguzi mkali, mafuta yaliyoganda yakikaa wiki sita ndani ya kontena yanaoza, na harufu inaingia kwenye magodoro. Nilitumia siku mbili nzima. Brashi ya waya, maji ya moto, sabuni, kisha kijiti cha kuchokonoa kwenye kona za kuchomelewa, pale ambapo majivu na mafuta hushikana na kuwa kama lami. Jiko likauke juani, kisha ulipake mafuta ya kula kiasi, kitambaa kikipita kisiache matone. Ndani ya kontena hewa ya moto ya mchana hupoa usiku, maji yanajikusanya kwenye dari na kudondoka. Chuma kisichopakwa mafuta hufika na vumbi la rangi ya chungwa.

Ukilifunga kwa mbao, mbao hizo ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, maana yake zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30 au zimetibiwa kwa njia nyingine inayokubalika, ili kuua wadudu. Mbao za kuokota zinaweza kuzuia mzigo wako wote bandarini. Na mkaa uliobaki usithubutu kuuficha ndani ya jiko. Mkaa una namba yake kwenye orodha ya vitu hatari, UN 1361, kundi la vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe. Meli zimewahi kuungua kwa sababu ya mkaa. Yule dada wa kampuni ya mizigo aliniuliza swali hilo mara tatu kwa simu: "Mama, una hakika hakuna mkaa ndani? Hata mfuko mdogo?" Nilimheshimu kwa kuuliza mara tatu.

Upande wa forodha, uzee wa jiko ni faida. Ukihamia Umoja wa Ulaya ukitokea nje, vitu vyako binafsi ulivyovitumia kwa angalau miezi 6 huingia bila ushuru, ikiwa umeishi nje ya Umoja kwa miezi 12 au zaidi. Jiko jipya ulilonunua wiki ya mwisho kwa sababu kwenu ni rahisi halimo humo. Nimeona watu wanafanya hivyo, wanauza la zamani na kununua jipya la kuhamia. Ni kinyume kabisa cha linalofaa.

Halafu swali ambalo ningelitanguliza kama ningekuwa na akili hii mapema: utaliweka wapi? Nyumba ya ghorofa mara nyingi mkataba wake unakataza moto wa wazi kwenye roshani. Kanuni ya moto inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inataka jiko la mkaa likae zaidi ya futi 10, karibu mita 3, kutoka kwenye ukuta unaoweza kuungua, isipokuwa kwa nyumba za familia moja au mbili na baadhi ya majengo yenye vinyunyizio vya maji. Soma mkataba wa nyumba kabla ya kukata tiketi ya mzigo. Sisi tulikuwa tunahamia nyumba yenye ua, na mwenye nyumba alijibu kwa maandishi kwamba moto wa mkaa unaruhusiwa. Bila barua ile nisingehangaika.

Basi kila kitu kiliruhusu, isipokuwa ile miguu isiyofunguka na lile pipa ambalo chini yake, nilipolisugua, lilikuwa limebaki jembamba kama bati la kopo. Niliweka kiganja ndani, nikashika mwanga wa simu upande wa nje, nikaona nukta tatu za mwanga zinapenya. Pipa hulika. Lingevumilia misimu miwili, labda mitatu. Nilikaa chini palepale na brashi mkononi.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Baba alikupa wavu. Pipa alilikuta tayari."

Tulichukua wavu. Vipande viwili, kila kimoja sentimita 57 kwa 44, kilo 9 hivi. Nilivipaka mafuta, nikavifunga kwa karatasi na shuka kuukuu, vikalala chini kabisa ya kreti ya vitabu bila kuongeza hata senti moja ya gharama. Pipa lenye miguu nikampa jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa akilitumia karibu mara nyingi kama mimi. Nilimwonyesha zile nukta tatu, nikamwambia atandike bati nene chini.

Huku nilipofika nilitafuta fundi wa kuchomelea, nikamchorea. Pipa lolote la lita 200 lina upana karibu ule ule, kwa hiyo wavu ulikuwa utakaa, lakini nilimsisitizia mambo mawili: pipa liwe lilibeba chakula na si kemikali, na chochote kitakachogusa moto kisiwe na zinki, kwa sababu zinki ikipata joto kali hutoa mafusho yanayomfanya mtu augue. Miguu nikataka ya boliti. Tuliwasha moto mkubwa mtupu saa tatu nzima mpaka rangi na utando wa ndani ukaungua wote, tukasugua, tukapaka mafuta, tukawasha tena. Siku ya pili ndipo nilipoweka nyavu. Kipande cha kushoto kiliingia mara moja. Cha kulia kilikwama kwa milimita chache, fundi akapiga nyundo mara mbili ukingoni.

Mwezi uliopita jirani aliniandikia kuomba vipimo vya wavu, maana aliokuwa ameazima ulikuwa mfupi. Nikatoka nje na utepe wa kupimia, nikampimia kila kitu: urefu, upana, nafasi kati ya nondo na nondo, unene. Akajibu na picha siku nne baadaye. Amechomelea mpya, umekaa barabara kwenye pipa la baba, na ameniuliza kwa nini kwenye mchoro wangu nondo ya tano imepinda, kama ni lazima aipinde na yeye. Nikamwambia aipinde.