Mwezi Mmoja, Maji Mara Mbili

Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kuandika mswada wa katuni ya dakika saba, ya kuwaeleza watoto wa darasa la tatu kwa nini bahari hujaa na kupwa. Watayarishaji walikuwa Dar es Salaam, na kwa kuwa mimi nilikuwa nikiishi Tanga, tuliafikiana kwamba rasimu ionyeshwe kwanza kwa watoto wa huku, katika shule moja ya msingi upande wa Sahare. Wengi wao ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaochokoa pweza. Siku za bamvua, wakati mwezi ni mchanga au mpevu, pwani ya Tanga hukauka mnamo saa nne asubuhi, na watoto hawa huijua saa hiyo bila kutazama saa.

Asiyewahi kuandikia katuni hudhani kwamba, kwa kuwa kila kinachofikirika huchoreka, mwandishi yuko huru kuliko mwandishi mwingine yeyote. Kwenye runinga picha 25 hupita kila sekunde, na dakika saba ni picha 10,500. Hata kompyuta inapojaza zile za katikati, mhusika anayegeuka, anayetembea au anayemwaga kitu ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu ni fedha. Ndiyo sababu rasimu yangu ya kwanza ilirudi imejaa maelekezo pembeni: wahusika wapunguzwe, mazungumzo yafupishwe, maji yasimwagike ovyo. Kipindi chenyewe, nikumbushe, kilihusu bahari.

Katika kufupisha huko, maelezo niliyoyapenda kuliko yote yalikatwa, yale ya bahari kuvimba pande mbili za dunia kwa wakati mmoja, kwa sababu yalikuwa maneno matupu yasiyo na kitendo. Badala yake mchoraji alileta wazo ambalo kila mtu alilishangilia: Mwezi awe bibi mcheshi mwenye kilemba, atupe juya, ule wavu mkubwa wa kuvulia, kutoka angani na kuivuta bahari huku akiimba. Nilikuwa na wasiwasi na bibi yule tangu mwanzo, lakini ni vigumu kumpinga mhusika ambaye chumba kizima kimekwisha kumcheka.

Tuliwaonyesha watoto picha za penseli zilizopangwa pamoja na sauti, kabla hazijaanza kutembea. Juya lilipotupwa, darasa lililipuka kwa kicheko. Baadaye, mwalimu alipowauliza wameelewa nini, karibu wote walisema kwamba mwezi huvuta bahari kwa juya, na sentensi mbili za maelezo zilizofuata hakuna aliyezikumbuka. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono.

"Sasa, mjomba, mwezi si mmoja? Mbona maji yanajaa mara mbili?"

Wenzake walinyamaza, kisha wakaanza kumuunga mkono. Mmoja akasema kwamba mama yake hushuka pwani asubuhi, na usiku maji hutoka tena. Swali lilikuwa halali kabisa. Mwezi huivuta sehemu ya dunia iliyo karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko katikati ya dunia, na katikati kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Kwa hiyo bahari huvimba upande unaouelekea mwezi na upande wa pili pia, na dunia inapojizungusha, pwani ileile huyakuta maji yakiwa yamejaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtoto wa miaka tisa.

Tulitoka nje. Niliwapanga watoto watatu mstari mmoja mchangani, wameshikana mabega, nikawaambia wa mbele apige hatua kubwa, wa katikati hatua za kawaida, wa nyuma hatua ndogondogo. Baada ya hatua chache nafasi ikawa imefunguka mbele ya wa katikati, na nyuma yake pia. Yule msichana ndiye aliyekuwa wa nyuma. Akalalamika, "Mimi nimeachwa!" nami nikamwambia kwamba ndivyo yalivyo maji ya upande wa pili: yameachwa nyuma. Alitazama nafasi iliyokuwa mbele yake, akatazama ya mwenzake, akacheka. Sikuongeza neno.

Jioni nilimpigia mchoraji simu kumweleza kwamba nimepata kitendo. Alisikiliza, kisha akanikumbusha kwamba watoto watatu wanaotembea kwa mwendo tofauti ni miguu sita ya kuchezesha. Baada ya kuvutana sana tukakubaliana wapite nyuma ya ua wa makuti, vionekane vichwa tu; kilichohitajika kuonekana kilikuwa nafasi kati yao, wala si nyayo.

Lililobaki ni bibi wa juya. Mchoraji hakutaka kumwachia, na mimi sikutaka watoto warudi nyumbani naye. Mwalimu wa lile darasa ndiye aliyetuamua, aliposema kwamba mtoto hukibeba kilichomchekesha, hivyo tusimwondolee kicheko bali tukihamishe. Nikauandika upya mwanzo: kaa mmoja mwenye majivuno ndiye anayedai kwamba mwezi huvua bahari, bibi anatupa juya kwa mbwembwe, msichana anauliza swali lake la dawati la nyuma, na juya linapasuka kutoka pindo hadi pindo bibi akiwa bado anaimba.

Mchoraji aliusoma akajibu kwamba nyavu inayopasuka ni ghali kuliko yote niliyowahi kumletea. Nikamwambia achukue fedha za ile miguu sita.