Siku moja maishani mwangu: mbeba mabegi wa njia ya mahujaji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Espalion. Nawasha gari, kahawa nimeibana mapajani, orodha ya leo iko kwenye simu. Ni katikati ya Mei, wiki ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, na wiki hiyo hapa Ufaransa kila mwenye viatu vya kutembelea hujitosa njiani. Kazi yangu ni kuchukua mabegi walikolala mahujaji na kuyafikisha watakakolala. Wao wanatembea, mimi naendesha. Anayesikia hivyo hudhani ni kazi ya kupunga upepo.

Njia yenyewe huanzia Le Puy-en-Velay, ikakatiza uwanda wa Aubrac na bonde la mto Lot, ikaenda hadi milima ya Pyrenees, na mwenye nguvu huendelea mpaka Santiago de Compostela, Uhispania. Kwenye ramani ni GR 65. Alama zake ni mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, imepakwa kwenye miti, mawe na nguzo. Mimi huziona pale tu njia inapokata barabara ya lami.

Saa moja na robo, Aumont-Aubrac. Mabegi yananingoja nje, barazani. Nyumba nyingi za mahujaji haziruhusu begi liingie chumbani kwa kuogopa kunguni. Mtu anatoa nguo za kulalia na mswaki, begi linabaki mlangoni. Nayapakia, nasoma lebo moja moja, naondoka.

Saa mbili, Nasbinals, kijiji cha mawe meusi kwenye uwanda wa ng'ombe. Hapa ndipo siku yangu ilipoharibikia, ingawa bado nilikuwa sijajua. Pembeni ya mabegi mengine lilisimama sanduku la magurudumu. Kikomo cha kampuni yetu ni kilo 13. Nililitundika kwenye mizani, likasoma 19. Sawa, wateja wa aina hiyo wapo. Kilichonishtua ni lebo: Saint-Chély-d'Apcher.

Msomaji usiyejua nchi hii, nisikilize. Ziko Saint-Chély mbili. Saint-Chély-d'Aubrac iko njiani, kituo kinachofuata, kilomita 17 kwa miguu kutoka Nasbinals. Saint-Chély-d'Apcher ni mji mwingine kabisa, uko kaskazini, nyuma kule nilikotoka, na GR 65 haipiti huko. Anayetembea kwenda Santiago hana shughuli nao.

Nikampigia simu mwenye sanduku. Alikuwa ameshatoka, upepo unavuma kwenye simu.

"Madamu, leo unalala Saint-Chély ipi?"

"Iliyoandikwa, bwana. Nimelipia chumba. Wewe peleka sanduku."

"Iliyoandikwa haiko kwenye njia unayotembea."

"Bwana, nina ramani." Akakata.

Nikapiga ofisini. Ofisi ikasema lebo ndiyo amri. Basi, nikamkabidhi sanduku mwenzangu aliyekuwa akirudi kaskazini. Alitazama lebo, akanitazama, akacheka peke yake.

Aubrac, Saint-Chély (ile ya njiani), Saint-Côme-d'Olt, Espalion, Estaing, Golinhac: shusha, pakia, salimia mwenye nyumba, kataa kahawa, endelea. Kule Estaing kuna ngome iliyonunuliwa mwaka 2005 na rais wa zamani Valéry Giscard d'Estaing, na watu husimama darajani kuipiga picha. Mimi najua zaidi ngazi za nyumba iliyo nyuma yake.

Saa nane mchana, Conques. Kijiji kimeng'ang'ania mlimani, vichochoro vya mawe, kwa hiyo gari nalipaki pembezoni na mabegi nayashusha mawili mawili kwa mkono. Magoti yangu yanakijua kijiji hiki kuliko macho. Nikimaliza, najipa dakika ishirini na mkate wenye jibini mbele ya kanisa la Sainte-Foy, chini ya lango la magharibi. Hapo juu imechongwa Hukumu ya Mwisho, sanaa ya karne ya 12, watu 124 kwa hesabu ya wenyeji. Peponi wametulia kwa mpangilio, motoni ni vurugu: bahili ananing'inia na mfuko wake wa pesa shingoni, na watawa wabaya wamenaswa kwenye wavu wa shetani. Ninaowapenda ni wale wadogo waliochongwa ukingoni mwa tao, wanachungulia tu kwa macho na vidole. Wanaona kila kitu na hawahukumiwi.

Conques nayo ilipata utajiri wake kwa mzigo. Mapokeo yanasema katika karne ya 9 mtawa wa hapa alikwenda kuishi mji wa Agen miaka kama kumi, akaaminiwa hadi akapewa kulinda kaburi la Mtakatifu Foy, ndipo akaiba mifupa na kuileta huku. Mahujaji wakaifuata. Kwangu huyo ndiye mbeba mzigo wa kwanza wa njia hii, na hakuna aliyempima kilo.

Mama yangu mdogo, aliyeko Bukavu, hunitania kwa ujumbe wa sauti: "Yaani mwanangu, umevuka bahari ukawe mbeba mizigo?" Ana haki ya kucheka. Anawajua akina mama wa Kadutu, hapohapo Bukavu, wanaopandisha magunia, kamba kwenye paji la uso, kwa ujira usiotosha unga. Hapa mtu analipa ili atembee mgongo mtupu. Lakini wengi wa wateja wangu ni wastaafu, kuna waliopasuliwa nyonga, kuna wajane wanaotimiza ahadi. Bila gari langu wengi wasingeiona Conques kwa miguu yao. Hilo namjibu kila mara, naye kila mara anacheka tena.

Nilikuwa sijamaliza mkate simu ilipolia.

"Bwana, niko Saint-Chély. Hoteli hakuna. Sanduku hakuna."

Yuko Saint-Chély-d'Aubrac, bila shaka. Sanduku liko Saint-Chély-d'Apcher, kiasi cha kilomita hamsini kutoka alipo kwa barabara, na ndani yake mna dawa za presha. Kijiji kimejaa, ni wiki ya sikukuu. Kwanza akasema tumemwibia. Halafu akasema tungemwonya. Nikamkumbusha ya asubuhi. Akasema simu ilikuwa na upepo. Halafu, na hili nimelishika kichwani, akasema si haki vijiji viwili kuitwa jina moja, kwa sauti ya mtu anayemlalamikia aliyevibatiza.

Dawa ni dawa. Nikarudi nilikotoka, kona baada ya kona za bonde la Lot, jua likinipiga usoni na kiti kikiuma kiuno. Espalion nilipita mbele ya nyumba yangu bila kusimama. Njiani nilikuwa na simu nyingine: mwenye nyumba mmoja anauliza kuhusu begi lililolowa, ofisi inauliza niko wapi, mwenye nyumba yuleyule tena. Uwanda wa Aubrac ukanipokea kwa ukungu. Pale palikuwa na hospitali ya watawa tangu karne ya 12, na kengele waliyoipiga kwenye ukungu na theluji kuwaita mahujaji waliopotea. Mwenzangu alinisubiri Nasbinals, amekasirika, muda wake wa kazi umeshakwisha. Tulihamisha sanduku bila maneno mengi. Kilo 19 zilezile.

Nilipomfikishia alikuwa ameketi jikoni kwa mwenye nyumba mmoja aliyemtandikia godoro, mbele yake sahani ya aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika. Miguu yake ilikuwa kwenye beseni la maji, imejaa malengelenge. Alinyoosha mkono kwa sanduku, akatafuta dawa, akameza, ndipo akaniuliza kama nimekula. Mwenye nyumba alishaleta sahani ya pili. Nilikula nimesimama.

Nimefika nyumbani saa nne usiku. Orodha ya kesho imeingia, na jina lake lipo: sanduku moja, kutoka Saint-Chély-d'Aubrac kwenda "Saint-Côme". Saint-Côme tupu. Ufaransa ina kadhaa. Nimemwandikia palepale: Madamu, ipi?