Barua niliyoiokota mwenyewe mlangoni

Barua ile niliiokota mimi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, imelala mlangoni pamoja na bili ya maji, jina la mama watoto juu yake. Nikampelekea jikoni. Akaifungua kwa kisu cha siagi, akaisoma amesimama, kisha akaniuliza taratibu: "Baba Junior, tunaishi nyumba moja miaka kumi na moja, leo unaniandikia kwa posta?"

Aliyeandika alikuwa wakili wa mambo ya talaka niliyekwenda kumwona kimyakimya wiki mbili nyuma. Kiingereza kikavu, "mteja wetu" huku na "ndani ya siku 14" kule. Mimi nilikwenda kuuliza haki zangu tu. Ila nilisaini karatasi bila kuzisoma vizuri, na mojawapo ilikuwa ya kumruhusu aanze kazi. Mama Junior naye akatafuta wa kwake, nani wa kumlaumu? Mwezi haujaisha, watu wawili ambao hatukuwahi kugombania hata rimoti tulikuwa tunalipa kwa saa ili wageni wajibizane kwa niaba yetu.

Hapa Coventry, Uingereza, ndoa ya Wabongo ikifika ukingoni utasikia ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema usiende kwa wakili, atawagombanisha. Wapo wanaosema wahi wewe kabla hajawahi yeye. Nimeonja vyote, na vyote ni hasara. Wakili unamhitaji, tena kwa kawaida kila mtu na wake, maana mmoja hawezi kuwashauri watu wawili ambao maslahi yao yanapishana. Cha kuangalia ni unamtuma nini. Kumwomba akueleze sheria ni jambo moja, kumwomba akusemee ni jingine kabisa, na hilo la pili ndilo linalokula akiba ya watoto.

Usiku mmoja watoto wamelala tukakaa mezani. Tukakubaliana kila mmoja abaki na wakili wake, lakini kwa ushauri tu, barua zikome. Na anayekwenda kumwona wakili amwambie mwenzake kabla. Sharti hili lilikuwa la Mama Junior, na mwanzoni niliona la kitoto. Lakini ukishaambiwa "Alhamisi naenda kuuliza habari za pensheni", huna sababu ya kukesha ukiwaza unachimbiwa shimo gani.

Sheria yenyewe ya huku ilitusaidia. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, England na Wales hazikutaki tena umtuhumu mwenzako. Zamani, kama hamjakaa mbali angalau miaka miwili, mmoja alilazimika kuandika kwamba mwenzake amezini au ana mwenendo usiovumilika. Fikiria kulitunga hilo juu ya mtu aliyekupikia uji ulipougua. Sasa mnatamka tu kwamba ndoa imevunjika, na mkitaka mnaomba wote wawili kwa ombi moja. Sisi tuliomba pamoja, mwaka 2023, tukalipa pauni 593 nusu kwa nusu. Baadaye ada ilipanda ikawa 612. Kisha mnasubiri wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza, na wiki sita na siku moja nyingine kabla ya ile ya mwisho, inayovunja ndoa rasmi. Hizo wiki 20 zimewekwa makusudi, watu watafakari.

Wakati tunasubiri tukaenda kwa mpatanishi. Hapa niseme kidogo, maana neno hili lilituletea kizaazaa nyumbani. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla halijapita baraza la usuluhishi, na kazi ya baraza ni kujaribu kuwarudisha mkae pamoja. Kwa hiyo shangazi aliposikia tuna mpatanishi, akapiga vigelegele kwenye simu. Nilishindwa kumweleza kwamba wa huku hana habari na kuturudisha. Yeye anawasaidia muachane bila kutoana macho. Kwa mazungumzo yanayohusu watoto kulikuwa na hadi pauni 500 za serikali kuchangia gharama, watu wengi wetu hawakuzijua.

Mpatanishi wetu alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu za rangi na ubao. Akaandika: nyumba, madeni, pensheni, gari. Kisha akauliza, "Na Tanzania?" kalamu ikabaki hewani. Mama Junior akaangalia zulia. Alikuwa anakijua kiwanja changu cha huko, ingawa kiliandikwa jina la mdogo wangu na mimi nilijidanganya kwamba hakijui. Bahati yangu, wiki moja kabla nilikuwa nimemuuliza wakili wangu. Alinijibu bila kuzunguka: mali unazitaja zote, popote duniani zilipo na kwa jina lolote, na makubaliano uliyoyapata kwa kuficha yanaweza kufumuliwa hata baadaye. Saa moja ile ya ushauri ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Nikasema, "Kuna kiwanja." Kalamu ikaandika, kwa kijani.

Tukaelewana karibu kila kitu. Nikadhani yamekwisha, makubaliano tunayo kwenye WhatsApp, ya nini tena kulipa? Mawakili wote wawili, kila mmoja ofisini kwake, walikataa. Talaka peke yake haifungi madai ya pesa. Wangu akanisimulia habari ya Dale Vince, aliyeachana na mkewe mwaka 1992 wakiwa hawana kitu. Baadaye akatajirika kwa umeme wa upepo. Mwaka 2011 yule mama akadai, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema dai lake lisikilizwe, miaka zaidi ya 20 baada ya talaka. Mimi si tajiri wa upepo, lakini nilielewa. Tukaandikiwa amri ya makubaliano, yaani hati ya mahakama inayoyapa makubaliano nguvu ya sheria, wakili mmoja akatunga, mwingine akakagua, ikapelekwa kwa jaji aitie muhuri.

Nilitaka tumalize haraka, tuombe amri ya mwisho siku ileile wiki zilipotimia. Wakili wa Mama Junior akamwambia asubiri muhuri wa jaji kwanza, kwa sababu mmoja akifa baada ya amri ya mwisho na muhuri bado haujatoka, aliyebaki si mjane tena na pensheni ya marehemu inaweza kumpita. Zamani ningesikia hila. Safari hii aliniambia mwenyewe, kwenye gari, tukimpeleka Junior mpirani. Nikamuuliza wangu, naye akasema vilevile.

Basi tukakaa miezi miwili zaidi, si mke na mume na si walioachana, yeye chumba cha mbele mimi cha nyuma, tukipishana bafuni. Katikati ya miezi hiyo shangazi akapiga.

"Eti yule mpatanishi wenu bado anaendelea?"

"Amemaliza, shangazi."

"Kawapatanisha?"

Mama Junior alikuwa anaosha vyombo, simu iko kwenye spika. Akanitangulia kujibu: "Ametupatanisha sana, shangazi."