Kanzu ya keshokutwa

Swali la kwanza nililoulizwa niliporudi Mombasa, mbele ya sinia la biriani na watu wanane, lilitoka kwa ami yangu. "Hivi wewe kule ulikwenda kusomea nini?" Nikamjibu, falsafa. Ami akatafuna, akameza, akasema: "Ndiyo maana umerudi na masanduku mawili." Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana moja katika hayo mawili lilikuwa limejaa vitabu vitupu.

Simlaumu. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, falsafa ni maneno ya mtu asiyetaka kulipa deni. Ukimdai akaanza kuzunguka mbuyu, unamwambia: wacha falsafa zako, leta pesa.

Niliondoka 2008, nina shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi na miaka 24. Nilikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma shahada ya pili ya miaka miwili. Miwili ikazaa kumi na mitano. Shahada niliipata, kazi ya kufundisha sikuipata. Nilipata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: baiskeli, kitita cha funguo za milango ya watu, na taa kichwani, kwa sababu Desemba jua la kule linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Unamfungulia mzee mlango, unampa dawa, unampikia uji wa shayiri, unabonyeza simu kuonyesha umefika, unabonyeza tena kuonyesha umeondoka. Dakika ishirini, kisha mzee mwingine.

Katika miaka hiyo nilikuwa na mtu wa kunipa moyo, naye alikuwa marehemu. Profesa Henry Odera Oruka alisoma katika mji ule kabla mimi sijazaliwa. Alizaliwa Ugenya, Siaya, mwaka 1944, akapelekwa Uppsala miaka ya sitini kusomea sayansi. Huko huko akageuka, akaingia falsafa, mwalimu wake akiwa Ingemar Hedenius, yule aliyeitikisa Uswidi nzima kwa kuyahoji mafundisho ya kanisa hadharani. Nimejiuliza mara nyingi barua aliyowaandikia wazazi siku hiyo ilisemaje. Mtoto wa Ugenya anakwenda Ulaya kwa sayansi, halafu anaandika nyumbani kwamba ameiacha ili asomee kufikiri. Mimi wangu walinielewa vibaya kwa simu, tena kwa dakika za bei rahisi.

Kutoka Uppsala akapitia Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, na mwaka 1970 akarudi Nairobi kufundisha. Alikuwa na miaka 26 hivi. (Mimi nimerudi na 39. Nimeandika hivyo ili nisiandike neno jingine.) Idara aliyoikuta ilichanganya falsafa na dini, ikiongozwa na askofu wa Kianglikana, Stephen Neill. Ilichukua miaka kumi, mpaka 1980, falsafa ikapata idara yake, naye akawa mwenyekiti wa kwanza.

Siku hizo wasomi walikuwa wakivutana kama Mwafrika ana falsafa au hana. Padri Mbelgiji, Placide Tempels, alikuwa amekaa Kongo akaandika mwaka 1945 kwamba Wabantu wanayo, ila wao wenyewe hawawezi kuieleza, ni yeye ndiye atawaelezea. Upande wa pili walisimama wasomi, Waafrika wenzetu wengine wakiwemo, wakisema falsafa ni kazi ya mtu mmoja anayefikiri na kuandika. Methali za kijiji kizima si falsafa. Oruka hakuridhika na kambi yoyote. Kwake kijiji hakifikiri, watu ndio wanaofikiri, na haiwezekani katika kijiji kizima akosekane hata mtu mmoja anayefikiri sawasawa, eti kwa sababu hajui kuandika. Basi akachukua kinasa sauti, akaenda kuwatafuta.

Kazi hiyo, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1990 kwa jina la Sage Philosophy, ndiyo iliyompa jina duniani. Watu wengi huidhani ni kukusanya hekima za wazee, kama tulivyokuwa tukiambiwa shuleni tukusanye methali kumi kutoka kwa bibi. Sivyo kabisa. Oruka aliwagawa wazee mafungu mawili. Wako wanaoijua mila yote, ukiwauliza wanakupa yaliyosemwa na waliotangulia, nao ni hazina, lakini wanapokea na kupitisha tu. Na wako wachache ambao ukiwaambia "lakini kwa nini?" wanasimama, wanaipima mila yenyewe, na wakiona imekosea wanasema imekosea. Hawa ndio aliowaita wanafalsafa. Namna ya kuwajua ni moja: uwabishie. Mhojaji alijiona kama mkunga. Mtoto si wake, lakini bila mkono wake huenda asitoke. Wapinzani wake, Mnigeria Peter Bodunrin mmojawapo, wakamshika hapo hapo: mkunga mwenye shahada ya uzamifu, mtoto akitoka tutajuaje ni wa nani? Ni swali zuri na mimi sijawahi kulimaliza.

Mzee Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, aliyekuwa kiongozi wa Waluo, alikataa habari kwamba Waluo wana Mungu wao na wengine wana wao. Alisema hilo ni kosa, Mungu ni mmoja kwa wote. Na miongoni mwa wazee waliohojiwa yumo Oruka Rang'inya, aliyezaliwa 1900 na kufa 1979. Huyu ni baba mzazi wa profesa.

Hapo ndipo nilipokuwa nikisimamisha baiskeli. Kila mwana wa pwani anajua jambo hili lina uzito gani. Kumuuliza baba "kwa nini" mara moja ni udadisi. Mara ya pili ni utovu wa adabu. Mara ya tatu unatafuta laana. Yule bwana alimfanya baba yake awe mtu wa kubishiwa, kisha akayachapa majibu. Na majibu yenyewe hayakuwa ya kumfurahisha padri wala shehe: mzee alisema ni makosa kumfanya Mungu kama mtu, Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe.

Nikajiambia, siku nikirudi nami nitakaa na baba yangu.

Baba ni fundi cherehani. Ana miaka 78, bado anakaa baraza ile ile na Singer ya miguu iliyochakaa mpaka maandishi ya dhahabu yamebaki herufi mbili. Anashona kanzu. Kila siku baada ya alasiri nilikuwa nabeba kigoda changu, simu nimeiweka tayari kurekodi, nakaa. Wiki ya kwanza sikuuliza kitu. Wiki ya pili nikauliza mambo ya mila ya harusi, akanipa jibu refu zuri lililokuwa neno kwa neno lile ambalo marehemu bibi alikuwa akitupa. Nikazima simu. Nilijiona kama mkaguzi wa shule.

Nyumbani nako kulikuwa na mengine. Mdogo wangu alitaka tuzungumze habari ya pesa, nani alituma ngapi, nani alibaki kuuguza. Tuko saba. Mwishoni mwa maisha yake Oruka alipinga ile hoja ya Mmarekani Garrett Hardin, kwamba mataifa tajiri ni kama mashua ya kuokolea watu, ukiwavuta maskini wote ndani mtazama nyote. Oruka akasema mfano si mashua, mfano ni familia. Watoto sita, wawili wanacho, wanne hawana, waliopata walipata kwa jasho lao, ndiyo, na kwa bahati, lakini wote wametoka kwa wazazi wale wale, na kuna deni la asili ambalo halifutwi kwa kusema "mimi nilijitahidi." Nilimsomea mdogo wangu hoja hiyo nikidhani inanitetea, maana nilituma. Akaniuliza: "Na kumgeuza mama kitandani usiku, hilo deni linatumwa kwa njia gani?" Sikuendelea kusoma.

Kwa hiyo sikurudi barazani kwa wiki nzima. Niliporudi, baba alikuwa anatia darizi shingoni mwa kanzu nyeupe, miwani imeshuka puani, uzi ameushika kwa meno. Sikuwasha simu. Nikamsimulia tu, kama hadithi, habari za Profesa John Mbiti. Nikamwambia: Mkenya huyu aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi ana nyakati mbili tu, akaziita kwa Kiswahili chetu, Sasa na Zamani. Ya mbele, ya mbali, kwa Mwafrika karibu hayapo, kwa sababu hayajatokea.

Baba akautoa uzi kinywani. "Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Kumbe huyo bwana hakuwahi kushonesha kanzu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, chaki ikiwa bado kidoleni. "Kesho. Keshokutwa. Mtondo. Mtondogoo. Haya, nitajie siku za mbele Kizungu chao kimezipa majina mangapi?" Nikataja moja, nikakwama. Kiswidi nacho kina mbili, kesho na keshokutwa, basi. Baba akafurahi hivyo mpaka akamwita jirani wa duka la mbele aje asikie.

Jirani alipoondoka nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. "Lakini Baba, wewe humwambia mteja kesho na unajua kesho haitakuwa tayari. Hiyo kesho yako basi ni siku kweli?"

Mashine ikasimama. Nilisikia feni tu. Nikajua nimefika mahali ambapo Oruka alifika na baba yake, na ambapo mimi sikupaswa kufika. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka.

"Nikimwambia kesho," akasema polepole, "sisemi habari za kanzu. Nasema kesho nitakuwa hapa. Aje anigombeze. Fundi mwongo ni yule ambaye kesho humkuti."

"Lakini mteja yeye amesikia kanzu."

"Basi amesikia vibaya, na mimi nimemwacha asikie vibaya. Hapo nina kosa." Akavaa miwani. "Miaka hamsini nina kosa hilo. Umeridhika?"

Sikuridhika, nilitetemeka. Nikamwambia sasa habari za yule mzee wa Ugenya na mwanawe, na aliyoyasema juu ya Mungu. Baba akasema astaghfirullah, akanyamaza, halafu akauliza: "Mwanawe akayaandika hivyo hivyo?" Akayaandika. "Akayachapa, na jina la babake?" Na jina. Akatikisa kichwa, sijui kwa kulaani au kwa wivu. "Mimi usinitie jina," akasema. Ndiyo maana humu hana jina.

Akaniuliza huyo profesa wangu aliishia wapi. Nikamwambia alifanya makubwa: mwaka 1991 aliwaleta wanafalsafa wa dunia wakakutana Nairobi, mwaka 1993 Uppsala ile ile ikamtunuku shahada ya heshima, na Desemba 1995 akagongwa na gari Nairobi, akafa na miaka 51. Baba hakushughulika na shahada. Alishika jambo jingine nililolitaja juu juu: kesi ya S. M. Otieno ya 1987, wakili Mluo ambaye mjane wake, Wambui, na ukoo wake wa Umira Kager waligombea azikwe wapi, maiti ikikaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa. Hiyo anaikumbuka, aliifuata kwenye redio. Nikamwambia Oruka alisimama mahakamani kutoa ushahidi juu ya mila za Waluo, na ushahidi wake ulikuwa upande wa ukoo.

"Aliyesema mila ipimwe?"

"Ndiye huyo."

"Basi siku hiyo aliitwa kama yule mzee wa fungu la kwanza," akasema baba. Nimesoma makala nyingi kuhusu Oruka na kesi ile, na sijakutana na mwandishi aliyeisema kwa maneno machache namna hiyo. Nadhani baba amemwonea kidogo. Shahidi hujibu anachoulizwa na wakili, hachagui maswali. Lakini sikumbishia. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kuuliza.

"Na wale wazee uliokuwa ukiwahudumia huko. Miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Wao uliwauliza nini?"

Niliwauliza kama wamelala vizuri. Niliwauliza kama wamemeza kidonge cha asubuhi. Kulikuwa na bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, miaka 91, alikuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa na tabia ya kusimama dirishani akitazama mto Fyris ukiwa umeganda, na mara moja aliniambia, bila kugeuka, kwamba hajui kama anaogopa kufa au anaona uvivu tu. Nilimwambia uji unapoa. Nilikuwa nimebakiwa na dakika sita.

Nilimsimulia baba hilo. Hakusema kitu. Akakanyaga mashine, akapiga mshono mmoja mrefu mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi, akanirushia kanzu ya pili nikatie vifungo, kazi aliyonifundisha nikiwa na miaka tisa na ambayo vidole vilikuwa vimeisahau. Nilikuwa bado napapasa tundu la sindano pikipiki iliposimama nje na kijana akashuka, kofia ya chuma mkononi, amekuja kwa kanzu yake ya harusi.

Baba hakuinua macho. "Mwambie mtondo," akaninong'oneza.

Nikamwambia mtondo. Kijana akaniangalia, akauliza mtondo ndiyo lini.