Vitamini D na dawa za maumivu baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika

Vitamini D haitulizi maumivu ya upasuaji. Mgonjwa asipunguziwe dawa za maumivu eti kwa kuwa ameanza vitamini. Akiumwa hatasimama, na asiposimama misuli inaisha haraka.

Msingi ni parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yapande. Mwisho ni gramu 4 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu hupangiwa pungufu ya hapo. Angalia pia dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo dozi huzidi bila mtu kujua.

Ibuprofeni na diklofenaki tunazikataa kwa wazee waliovunjika nyonga. Figo zao tayari zimechoshwa na damu iliyopotea na upungufu wa maji, na tumbo linaweza kuvuja damu, hasa wakiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

Tramadoli au mofini, dawa kali za maumivu, zitumike kwa dozi ndogo na siku chache, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Mzee akichanganyikiwa, usiilaumu dawa peke yake: maumivu yasiyotulizwa, choo kufunga na mkojo kubana huleta hali ileile. Dozi ya dawa ya maumivu imezwe kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi.

Vitamini D yenyewe ni ya mifupa na misuli ya miezi ijayo. Wengi hupewa uniti 800 hadi 1,000 kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta. Kalsiamu ifike miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, ile ya kwenye chakula ikihesabiwa, na itenganishwe kwa saa 4 na dawa ya tezi ya levothairoksini. Dozi kubwa ya mkupuo haifai: katika utafiti wa Australia uliochapishwa 2010, wanawake wazee waliopewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa.

Kabla ya sindano ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, upungufu wa vitamini D urekebishwe kwanza, la sivyo kalsiamu ya damu hushuka: ganzi mdomoni, misuli kukaza.

Na maumivu yaliyokuwa yakipungua yakipanda ghafla, au mguu ukaonekana mfupi au umegeuka, usiongeze dozi. Arudishwe hospitali apigwe picha.