Mbio za langalanga na ngalawa ya ami

Manama, mji mkuu wa Bahrain, na Chake Chake saa zetu ni moja. Kwa sisi wachache tunaopenda langalanga, yale magari ya Formula One, huku Pemba, mbio za Bahrain ni neema, maana hakuna kurauka asubuhi kama zile za Australia. Wakati ule, kabla hazijahamishiwa usiku mwaka 2014, saa tisa mchana unakaa kitako, alasiri ikiadhiniwa unakwenda kusali, ukirudi bado wanazunguka.

Jumapili ya 22 Aprili 2012 naikumbuka kwa mambo mawili. Banda la mpira lote lilikuwa la Manchester United na Everton, ile mechi iliyokwisha 4-4, na sisi watatu wa langalanga tukatupwa uani kwenye televisheni ndogo, karibu na pipa la maji, mvua ya masika inapiga bati hata injini hazisikiki. Vettel akashinda, Räikkönen wa pili. Huko mbele kila goli likiingia banda linataka kung'oka, nasi tunajikaza kana kwamba hatusikii.

La pili ni simu ya shemeji. Wakati ule alikuwa Manama, anafua mashuka kwenye hoteli. Kwa pumzi moja akanieleza kwamba hoteli imejaa na posho ya ziada ipo, na kwamba usiku hawathubutu kutoka, vijijini matairi yanawaka. "Wallahi zingekuja kila wiki," akasema. Sikujua nimjibu nini. Watu wanaosema mbio zifutwe tu, basi, aghlabu hawana shemeji anayefua mashuka.

Walio wadogo hawatakumbuka. Tarehe 14 Februari 2011 watu wa Bahrain waliingia barabarani na kupiga kambi kwenye mzunguko wa Lulu. Mwezi uliofuata kambi ikavunjwa, na ule mnara wa lulu katikati ya mzunguko ukabomolewa. Mbio za mwaka huo zikafutwa. Shirikisho la magari likajaribu kuzirudisha Oktoba, timu zikakataa. Mwaka 2012 zikafanyika, ugomvi ukiwa palepale. Abdulhadi al-Khawaja, mtetezi wa haki za binadamu, alikuwa kifungoni na mgomo wake wa kula umeshapita miezi miwili. Wafanyakazi wa timu ya Force India walijikuta barabarani katikati ya mabomu ya petroli, na Ijumaa timu hiyo ikaacha mazoezi ya pili ili watu wake wafike hotelini kabla ya giza. Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, mwandamanaji aitwaye Salah Abbas Habib alikutwa amekufa juu ya paa.

Na kaulimbiu iliyobandikwa kila mahali ilikuwa inazungumzia taifa moja linalosherehekea. Hapo ndipo niliponyanyuka nikaenda kutazama mpira.

Sikuondoka kwa kuhofia usalama wa madereva. Dereva ana walinzi, ana ndege ya kumrudisha kwao. Jeddah mwaka 2022 ghala la mafuta lilipigwa kombora magari yakiwa mazoezini, moshi unaonekana kutoka uwanjani. Madereva wakakaa kikao mpaka usiku mkubwa, na Jumapili wakakimbia. Lilikuwa jambo la hatari, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba moshi ule haupo. Sochi mwaka huohuo hata mjadala haukuwa mrefu: Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari, kesho yake ikatangazwa kuwa mbio hazitafanyika. Kilichonichoma mie kwenye ile ya Bahrain ni kuambiwa kwamba hali ni "shwari". Nalijua neno hilo tangu nikiwa mdogo.

Januari 2001 nilikuwa na miaka kumi na minne, Wete. Tarehe 27 chama cha upinzani cha CUF kiliandamana kupinga uchaguzi, watu wakapigwa risasi, na wapatao elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Miongoni mwao alikuwamo baharia wa ami yangu, aliyekuwa akikaa kwenye mrengu wa ngalawa kila siku ya resi. Idi Kubwa ilikuja mwanzoni mwa Machi. Resi ya Idi ilikuwa ada yetu, na mkubwa mmoja, simtaji, akaja barazani kuwasihi manahodha washushe vyombo. Zawadi ipo, mpiga picha yupo, watu waone hali ni shwari.

Ami alikuwa anashona tanga. Hakunyanyua uso. "Mheshimiwa, bahari ikiwa shwari ngalawa haziendi."

Baraza zima likacheka, hata yule bwana akacheka kidogo. Resi haikufanyika. Mama aliyekuwa akiuza urojo pwani kila Idi hakuuza siku ile, na hilo ami alilijua. Alimpelekea nyama ya dhabihu nyumbani, mguu mzima. Sijui ni nani angempelekea shemeji mguu wa mbuzi Manama.

Ndiyo maana napenda walivyofanya Wafaransa mwaka 1968. Mbio za saa 24 za Le Mans huwa Juni. Mei ile nchi ilikuwa imesimama kwa migomo na maandamano, basi zikasogezwa mpaka mwisho wa Septemba. Hawakuzifuta, wala hawakuzilazimisha. Muuza vyakula wa Le Mans alisubiri miezi mitatu, akauza.

Sisi tulisubiri zaidi. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba, na Idi iliyofuata Ramadhani, mwezi wa Desemba, kaskazi imeshaanza, ami alishusha ngalawa. Baharia wake alikuwa amesharudi kutoka Shimoni, amekonda, akapanda mrengu kama kawaida. Wakawa wa nne. Ami alilaumu tanga jioni nzima.